Nyongeza ya Miaka Thelathini na Mmoja

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara kumi na tisa na daraja moja. Nimeitumikia miaka ishirini na sita, sijachelewa kazini hata siku moja, kwa hiyo haya nitakayosema msidhani ni maneno ya mtu mwenye kinyongo. Jina langu Shomvi Kitunga. Nilikuwa Msajili wa Umri, Kata ya Bondeni, na ukiona cheti chochote cha kata ile chenye maandishi mazuri yaliyolala kidogo kulia, ujue ni mkono wangu.

Mji wetu mkuu una pande mbili. Juu ya daraja ni Kilimani, ambako maji yanatoka bombani na watu wana bustani za kukaa tu, si za kulima. Chini ya daraja ni Bondeni, ambako maji hayohayo hufika baada ya watu wa Kilimani kumaliza shughuli zao nayo. Bondeni ndiko kiliko kiwanda cha ngozi, maana Kilimani hawapendi harufu, na ndiko ziliko nyumba za mabati zisizo na madirisha, maana madirisha yangeingiza harufu hiyohiyo. Watu wa Kilimani huishi miaka sabini na minne. Watu wa Bondeni huishi arobaini na mitatu. Ilikuwa hivyo tangu nazaliwa, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Mke wangu alikufa akiwa na miaka thelathini na minne, homa ya matumbo, akaniachia binti mmoja, Siwema. Waliokuja kunifariji waliniambia nishukuru kwamba marehemu alivuka thelathini. Nikashukuru. Nikamlea Siwema mwenyewe, nikamsuka nywele mwenyewe mpaka alipoona aibu kusukwa na baba. Sina mtoto mwingine, sina ndugu, sina hata paka. Mkisoma yanayofuata mkumbuke hilo.

*

Maneno yalianzishwa na wageni. Shirika moja la huko nje lilichapisha jedwali la nchi zote, kuonyesha wenye nacho wanawazidi wasio nacho miaka mingapi ya kuishi, na nchi yetu ikawa ya mwisho kabisa. Tulipitwa hata na nchi ambazo wimbo wao wa taifa hauna ubeti wa pili. Mtukufu Rais alisoma jedwali lile wakati wa kifungua kinywa, na inasemekana yai lilimshinda. Mchana wake akatangaza redioni kwamba tofauti hiyo itafutwa yote, mpaka sifuri, kabla ya Sikukuu ya Usawa. Ilikuwa imebaki mwaka mmoja kasoro wiki mbili.

Ikaundwa Tume. Sitaki kuisema vibaya, jamani, Tume ilifanya kazi. Walishuka Bondeni na viatu vya mpira, wakapima maji, wakapima vumbi la kiwandani, wakahesabu watoto wanaolala chumba kimoja, wakauliza mtu huanza kazi na umri gani na hula mara ngapi kwa siku. Mimi ndiye niliyewashikia mwavuli. Mwisho wakaandika ripoti ya kurasa mia tisa iliyosema kwamba watu wa Bondeni hawafi mapema kwa uzembe wala kwa uchawi, kama tulivyokuwa tukifundishwa. Wanakufa kwa sababu za kijamii: maji, kazi, nyumba, chakula, shule, na zahanati moja yenye kipimajoto kimoja. Wakasema dawa yake inajulikana na wakaiandika, kuanzia ukurasa wa mia sita.

Waziri wa Usawa wa Afya, Mheshimiwa Daktari Sururu, aliisoma akalia mbele ya waandishi wa habari. Alitumia leso mbili. Kisha akawauliza wataalamu dawa hiyo itachukua muda gani kufanya kazi, wakamjibu miaka arobaini, tukianza leo. Akatazama kalenda ukutani, akawashukuru sana, na tangu siku ile wataalamu wale hatujawaona tena. Nasikia walipewa likizo.

Aliyeokoa jahazi alikuwa msaidizi wa Waziri, kijana mmoja msomi asiyependa makuu. Yeye hakusoma kurasa mia tisa, alisoma ukurasa wa kwanza. Akasema, tatizo si ni miaka thelathini na mmoja inayokosekana Bondeni? Basi Serikali iwape.

Waziri alituita uwanjani kutueleza. Nilikaa safu ya mbele.

"Ndugu zangu wa Bondeni," alisema, "mmepunjwa miaka tangu enzi za babu zenu. Serikali yenu sikivu imeona uchungu. Leo inawarudishia yote, kwa mkupuo mmoja, na haitawadai kitu."

Hiyo ndiyo Sheria ya Nyongeza. Kila mkazi wa Bondeni aliongezewa miaka thelathini na mmoja, rasmi, kwa muhuri. Wa miaka kumi akawa wa arobaini na mmoja. Atakayekufa kwa desturi yetu ya arobaini na mitatu ataandikwa amekufa na sabini na minne, sawasawa na jaji wa Kilimani. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Na mimi nilipiga, kwa nini nisipige? Miaka thelathini na mmoja unapewa bure, utaikataa?

*

Niliwekewa meza nje ya ofisi ya kata, na foleni ilifika mpaka machinjioni. Watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Wanawake walipiga vigelegele kila nilipogonga muhuri. Mimi mwenyewe nilianza na hamsini na mmoja nikaishia themanini na miwili, na siku ile nilijisikia mtu mzito.

Raha tuliyoipata mwezi wa kwanza ilikuwa kwenye shikamoo. Mnajua kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, hilo halina mjadala. Sasa vijana wa Bondeni wanaokata majani kwenye bustani za Kilimani wana miaka hamsini na kitu, na matajiri wao wana arobaini. Ilibidi tajiri atoke barazani na kanzu yake ya kulalia amwamkie mkata majani. Kulikuwa na bibi mmoja mke wa meneja wa kiwanda aliyelazimika kumpa shikamoo yaya wake kila asubuhi kabla ya kumfokea. Bondeni tulicheka tukashika mbavu. Kabla mwezi haujaisha ukatoka waraka kwamba shikamoo ya Nyongeza haivuki daraja.

Sheria ilikuwa na Kifungu cha Hisani. Msajili aliruhusiwa kumwongezea raia mwema miaka mingine, isiyozidi kumi na mitano, kwa busara yake. Msinitazame hivyo. Sikuchukua hata kuku kwa mtu. Lakini kwenye kisima cha kata kulikuwa na utaratibu kwamba wenye umri wa miaka sitini na mitano na zaidi huteka maji mwanzo, na binti yangu alikuwa akisimama foleni ile tangu alfajiri hadi jua kali, ndoo kichwani, na mgongo wake haukuwa mzuri. Mumewe, Kombo, alikuwa amekwenda machimboni mikoa ya mbali wiki mbili tu kabla ya siku ile, mwezi wa pili wa ndoa, na tangu hapo tukawa tunapata salamu tu. Kwa hiyo Siwema alipofika mezani kwangu, na miaka yake ishirini na miwili, nilimpa thelathini na mmoja ya Serikali, kisha nikamtupia kumi na mitano ya hisani juu yake. Sitini na minane. Alicheka sana. Aliinama pale mbele ya watu akijishika kiuno, akauliza baba utaniamkia au nianze mimi.

Sikujua, na yeye mwenyewe hakujua, kwamba siku ile alikuwa ana mimba ya wiki tatu.

*

Mambo mengine yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na waraka wake.

Kliniki ya watoto chini ya miaka mitano ilifungwa, kwa kukosa watoto. Mdogo kuliko wote kata nzima alikuwa na miaka thelathini na mmoja na siku tano. Chanjo zikarudishwa Kilimani kwenye majokofu. Shule ya msingi nayo ikafungwa, maana haipendezi watu wazima wa miaka arobaini kukaa wanaimba silabi, na majengo yakapewa kiwanda cha ngozi kuwa ghala. Kiwanda kikatangaza kazi. Wale wanafunzi waliokuwa wakikatazwa kuajiriwa kwa sababu ni watoto, hawakuwa watoto tena, wakapewa aproni zinazowafika miguuni. Wazee wa kweli, wachache tuliokuwa nao, wakaenda kudai pensheni, wakaelezwa kwamba pensheni hutazama umri wa zamani.

Watu wakaanza kufa wengi kidogo kuliko kawaida, lakini walikufa wakubwa. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka orodha Wizarani na kila mwisho wa mwezi tofauti ilipungua. Kwenye lango la Wizara kulikuwa na ubao wenye namba kubwa nyekundu: ishirini na moja, kumi na tatu, tisa. Nilipita chini ya ubao ule nikiona fahari, sitawaficha. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Mwezi wa tano wa mimba nilimpeleka Siwema zahanati. Mkunga wetu ni Bi Perusi, mama mnene asiye na haraka, amewazalisha nusu ya watu wa Bondeni akiwemo Siwema mwenyewe. Alimlaza, akaweka sikio tumboni, akatabasamu. Kisha akachukua kadi yake akaisoma, na lile tabasamu likaenda. Akanitoa nje, tukasimama karibu na pipa la maji.

"Shomvi, mimba ninaiona na mtoto anacheza," aliniambia. "Lakini daftari langu jipya halina mstari wa mjamzito aliyepita hamsini. Likipita hamsini linaniambia niandike uvimbe."

Nikamwambia basi aandike uvimbe, tutarekebisha baadaye, ni karatasi tu. Nililisema hilo mimi mwenyewe, mtu wa karatasi. Akaandika: Uvimbe wa uzeeni, unaocheza. Hiyo ikawa na maana kwamba Siwema hapewi vidonge vya damu, hapewi neti, hapimwi, na jina lake haliingii kwenye orodha ya wanaosubiri kujifungua. Liliingia kwenye orodha ya wazee wenye uvimbe, ambao hutazamwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ulikuwa umeshapita.

*

Nilivaa koti langu nikapanda Wizarani. Nilikuwa na imani kabisa. Nilijua ni kosa dogo la kiofisi, na nani anayejua kurekebisha makosa ya kiofisi kama si sisi wenyewe?

Mheshimiwa Daktari Sururu alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Kulikuwa na mpiga picha pale ndani, kwa hiyo aliinuka kwenye kiti, akainama na kuniamkia shikamoo mzee, ingawa tulikuwa juu ya daraja. Nikaitikia marahaba. Picha ikapigwa, mpiga picha akatoka, nikaeleza shida yangu. Nikasema binti yangu ni mjamzito, kwa hiyo naomba apunguziwe miaka arobaini na sita kwa miezi minne tu, akishajifungua nitairudisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Sidhani kama alikuwa anaigiza, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

"Mzee wangu," alisema, "wenzako wanapiga magoti waongezewe. Wewe unataka kumpora mwanao miaka arobaini na sita?"

Akanielewesha taratibu, kama unavyomwelewesha mzee. Kupunguza umri wa raia wa Bondeni ni hujuma dhidi ya usawa, kifungo chake miaka saba. Na nikipunguziwa mimi mmoja, kesho kila mama mwenye mtoto anayeharisha atakuja na sababu yake, na keshokutwa jedwali litasomeka vilevile, na hapo wageni watasema nini? Tumetoka thelathini na mmoja, leo tupo saba. Hakuna nchi iliyowahi kwenda kasi hiyo. Akaniuliza kama mimi, mtumishi wa miaka ishirini na sita, ndiye ninayetaka kuirudisha nchi nyuma. Nikasema hapana, Mheshimiwa. Akanipa kanga mbili za kampeni nimpelekee mgonjwa.

Nikavuka daraja nazo kwapani. Siwema alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia linashughulikiwa.

Miezi ile minne ndiyo niliyojifunza kusikiliza. Nilikuwa nikisikia Siwema anavyopumua akipandisha ndoo barazani. Nilisikia miguu yake ilivyokuwa mizito, ilivimba hata viatu vya Kombo havikumwingia. Bi Perusi alikuja kila baada ya siku chache na kikapu cha sokoni, stethoskopu imefunikwa na nyanya. Aliniambia shinikizo la damu linapanda, kwamba huyu ni mtoto wa kuzaliwa hospitali ya Kilimani, kwenye damu na kisu, si hapa kwenye mabati. Akaniambia tena wiki iliyofuata, na tena. Kila mara nilimjibu kwamba linashughulikiwa, na yeye kila mara alirudishia nyanya juu ya stethoskopu akaenda zake.

*

Uchungu ulianza Jumanne asubuhi, siku tano kabla ya Sikukuu. Mji mzima ulikuwa unapakwa rangi. Bi Perusi alifunga zahanati, akaja na vifaa vyake waziwazi, vikapu amechoka navyo. Mtoto alitoka saa saba mchana, wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Siwema akambeba, akamhesabu vidole. Kisha damu ikaanza, na haikusimama.

Nikakimbia ofisini nikapiga simu. Nitawatendea haki: gari la wagonjwa lilikuja. Lilikuwa jipya, limeandikwa ubavuni USAWA KWA WOTE, na dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Alishuka, akaomba kadi ya mgonjwa, kwa sababu ndio utaratibu. Akaisoma akiwa amesimama kwenye kizingiti, na kutoka pale alikuwa anamwona Siwema kitandani kwa macho yake. Akasoma kwa sauti ndogo: miaka sitini na minane, uvimbe. Akasema samahani baba, mwongozo unasema mgonjwa wa umri huu mwenye uvimbe habebwi. Anaachwa apumzike kati ya jamaa zake.

Nikamwambia huyu ni mwanangu, nina miaka hamsini na mmoja, nitazaaje mtu wa sitini na minane? Akaomba na kadi yangu. Ilisema themanini na miwili, na hesabu ikakubali vizuri tu. Kisha akaigeuza ile kadi ya Siwema upande wa nyuma, penye sahihi, akaniuliza kwa upole kabisa hii sahihi ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Siwema alisikia yote, nyumba yetu ni ya chumba kimoja. Alinyanyua kichwa kidogo. "Baba, mwambie basi," alisema. "Mwambie nina ishirini na miwili."

Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi, nilimshika shati. Alinitoa mikono polepole asije akaniumiza, kwa kuwa mimi ni mzee, akarudi kwenye gari. Siwema alikufa saa tisa na robo alasiri.

*

Cheti cha kifo nilikijaza mimi. Hakukuwa na mwingine wa kukijaza, na mtu hazikwi bila cheti. Kwa waliovuka sitini, nafasi ya sababu ya kifo haiandikwi, imeshachapwa hukohuko kwa mpiga chapa wa Serikali: Uzee. Mimi nilibaki na jina, mtaa na umri. Niliandika 68.

Kabla wino haujakauka simu ya ofisi ikalia. Alikuwa yule kijana, msaidizi wa Waziri. Akanipa pole. Akasema amepokea taarifa, na kwamba ubao pale langoni unasoma sifuri nukta moja, Sikukuu ndiyo hiyo, na marehemu kwa bahati mbaya yuko chini ya wastani kwa miaka sita. Je, sikuwa nimebakiwa na busara kidogo? Marehemu hatajali.

Nikageuza 8 ikawa nini, mnadhani? Haigeuki. Nikachana cheti nikaandika kingine. 74. Niliandika vizuri, herufi zimelala kidogo kulia. Nawaeleza hili kwa sababu wengine wanadhani mambo haya hufanywa na watu wasio na watoto.

Kwenye maziko Waziri alikuja mwenyewe. Siwema ndiye aliyeleta sifuri, alikuwa mtu wa kihistoria. Walifunga turubai jeupe, wakaleta kipaza sauti, na Mheshimiwa akasema asione mtu analia. Akasema enzi za giza mama kama huyu angetutoka kijana kabisa, lakini leo ametutoka akiwa na umri uleule wa mama wa Kilimani, tena bila siku moja pungufu.

"Miaka sabini na minne," alisema. "Amekula chumvi nyingi."

Na majirani zangu, watu waliomwona Siwema akijifunza kutembea, walipanga mstari kunipa mkono, mmoja mmoja, wakasema hivyohivyo. Amekula chumvi nyingi, mzee Shomvi. Hata hivyo amefaidi. Hawakunitazama usoni, na sikuwalaumu, kwa kuwa walinzi walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Kisha msaidizi akaleta daftari langu la usajili. Walikuwa wameamua, maadamu kamera zipo, mjukuu aandikwe palepale na babu yake, kizazi kipya cha usawa. Bi Perusi alisogea na mtoto. Kalamu nikawekewa mkononi. Jina nikaandika Siwema, la mama yake. Nikafika penye umri.

Sijui niwaeleze nini. Mimi si mtu jasiri. Mkono tu uligoma, kama punda. Nikaandika: siku moja.

Msaidizi akaninong'oneza, thelathini na mmoja na siku moja, mzee. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sababu kilikuwa pale mbele yangu, kwamba huyu mtoto ana siku moja. Nikasema na mama yake alikuwa na miaka ishirini na miwili, na miaka yote iliyozidi niliiandika mimi, na kwamba kilichomuua kipo kwenye ripoti, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilidhani nitapigwa.

Waziri hakukasirika hata kidogo. Alinishika bega, akawageukia waandishi wa habari, akatikisa kichwa.

"Ana miaka themanini na miwili," alisema. "Kumbukumbu zimeshaanza kumtoka. Mzee wetu apumzishwe."

Waandishi wa habari wakaandika hivyo. Daftari likachukuliwa, ukurasa ukanyofolewa, mtoto akaandikwa upya na mwingine mwenye maandishi mabaya. Mimi nikaongozwa kwenye gari lile lile jipya, na safari hii dereva alinibeba bila kuuliza kadi. Nikapiga kelele kwamba mjukuu wangu nani atamlea. Msaidizi akajibu kwamba mtu wa miaka thelathini na mmoja hahitaji mlezi. Kwa hiyo hakuna aliyemzuia Bi Perusi alipoondoka naye.

*

Nipo Nyumba ya Wazee, nyuma ya kiwanda. Si pabaya. Tupo wazee kumi na wanne chumba kimoja, na ukiniondoa mimi, mkubwa wetu kwa kweli ana miaka arobaini na sita. Aliyelala kushoto kwangu mwaka juzi alikuwa winga wa timu ya kata. Wote walifanya kazi ya ngozi na wote wanakohoa, na daktari haji, kwa sababu kukohoa kwa umri wetu ni kawaida. Wanaotoka humu hutokea mlango wa nyuma. Ubao wa Wizara unasoma sifuri hadi leo, tunasomewa kila asubuhi redioni.

Bi Perusi huja kila Alhamisi kwenye uzio wa waya. Humnyanyua mtoto nimwone, kisha huniambia umri wake. Leo ana wiki mbili. Leo ana mwezi. Leo ana miezi miwili na ameanza kucheka. Sina kalamu, wamenikataza, kwa hiyo nahifadhi kichwani, na nawahakikishia kichwa changu kizima.

Alhamisi hii alikuja peke yake. Nikamwuliza Siwema yuko wapi. Akaniambia surua imeingia Bondeni, mtoto ana homa siku ya tano, macho hayafunguki vizuri. Zahanati hawana tena dawa ya mtoto, wanazo za watu wazima, na hata hizo lazima usubiri zamu yako. Ameandikishwa kwenye foleni ya watu wazima. Yeye ni wa mia mbili na kumi na nne.

Nikamwuliza foleni inakwendaje. Alishika waya kwa mikono miwili. Akasema haijasogea tangu Jumatatu, zahanati imefungwa wiki nzima. Wamekuja mawaziri wa nchi sita za jirani kujifunza tulivyofanya.